Kumheshimu Baba Akiwa Hai
Amri ya kuwaheshimu baba na mama imeandikwa mara mbili katika Agano la Kale: Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Waanglikana na Waorthodoksi huihesabu kuwa ya tano, Wakatoliki na Walutheri ya nne, lakini mahali pake ni pale pale, mara baada ya amri zinazomhusu Mungu na kabla ya zile za jirani. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliita hiyo amri ya kwanza yenye ahadi.

Kwa kawaida hufundishwa watoto, wakiambiwa wasijibizane na wakubwa. Si vibaya, ila waliosimama chini ya mlima Sinai wengi walikuwa watu wazima, wenye wake, waume na watoto. Enzi hizo hapakuwa na pensheni wala bima. Mzee aliyeishiwa nguvu alikula alichopewa na wanawe, basi. Kumheshimu baba kulikuwa kumlisha, kumvika na kutomsukuma pembeni katika shamba alilolifyeka mwenyewe. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, kinamtaka mwana amvumilie baba hata akili za mzee zinapopungua.

Yesu naye aliielewa hivyo. Katika Marko sura ya 7 anawakabili Mafarisayo na waandishi juu ya desturi ya korbani. Mtu aliweza kutamka kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi wakawa hawana chao. Dini ilitumika kuikwepa amri ya dini.

Korbani ya siku hizi haina jina. Muumini anaahidi milioni kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa, anatajwa kwenye kipaza sauti, anapigiwa makofi; kijijini baba yake anameza kidonge cha presha leo, kesho anaruka, ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Mzee akifariki, fedha zinapatikana: jeneza la bei, maturubai, fulana zenye picha yake, mpiga video. Kumzika mzazi vizuri ni wajibu wa kweli, lakini ni aibu msiba kuchangiwa zaidi kwa wiki moja kuliko ugonjwa ulivyochangiwa kwa miaka mitatu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa ameiacha imani.

Heshima pia ni kushika neno la baba asipokuwapo. Yonadabu mwana wa Rekabu, aliyeishi zama za mfalme Yehu, aliwaagiza wanawe wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mizabibu, wakae katika mahema. Zaidi ya miaka 200 baadaye, kama inavyosimuliwa katika Yeremia sura ya 35, nabii Yeremia aliwaingiza wazao wa Yonadabu, Warekabi, katika chumba kimoja cha hekalu, akawawekea divai na vikombe, akawakaribisha wanywe. Mwenyeji ni nabii, mahali ni nyumba ya Mungu; kisingizio kilikuwa tayari. Walikataa. Wahubiri wengi hupita haraka jambo moja: siku hiyo Warekabi walikuwa wamekwisha kuyaacha mahema, kwa kuwa jeshi la Babeli lilikuwa limewakimbiza hadi Yerusalemu, na walilisema hilo bila kuficha. Walilinda kilichowezekana kulindwa. Tena Mungu hakuwaamuru Wayuda wote waache divai. Alichosifu ni uaminifu wa watu walioshika agizo la babu aliyekufa zamani, huku Yuda ikiziba masikio kwa Mungu aliye hai.

Utii huo una mpaka. Katika Mathayo sura ya 10 Yesu anadai kupendwa kuliko baba na mama. Mpaka huo ulionekana Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Mbaga Tuzinde, kijana wa ikulu ya Kabaka (mfalme) Mwanga aliyehukumiwa kuchomwa moto kwa Ukristo wake, alikuwa mwana wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji. Mukajanga alimsihi aikane imani, au akubali tu kufichwa. Kijana akakataa. Mlezi akaagiza apigwe shingoni kwanza, asichomwe akiwa hai. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake 21 mwaka 1964.

Mababa nao wana amri yao. Sheria ya Kirumi ilimpa baba mamlaka juu ya wanawe hata wakiwa watu wazima, na katika dunia hiyo Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai kwamba baba asiwachokoze watoto hadi wakate tamaa. Wachache wa zama zake wangethubutu kumwekea baba masharti.

Kwa hiyo baba mpigaji, au aliyetelekeza familia, hawezi kuishika amri ya heshima kama fimbo. Mkristo aliyeumizwa naye halazimiki kuficha kipigo wala kurudi kuishi chini ya paa lake. Anaweza kumshtaki na bado akamtumia fedha za chakula na dawa uzeeni. Kumsamehe ni jambo jingine, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kumtunza.