Pale Katikati ya Migomba Pana Nini?

Kila ifikapo mwezi wa Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha hujaa Wapare wanaorudi kwao. Wale wa Usangi hushuka Mwanga mjini na kuupanda mlima. Siku hizi, pamoja na sukari na vitenge vya akina mama, wengi hubeba ramani ya nyumba. Tatizo ni kiwanja. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yamekwisha, na jicho la mgeni hutua juu ya kipande kimoja chenye miti mikubwa katikati ya migomba, ambacho hakuna aliyekilima. "Pale pana nini?" huuliza vijana waliozaliwa mjini.

Pale ni mpungi. Kwa Kipare, mpungi ni mahali pa tambiko pa ukoo. Mingi ni midogo, pengine haizidi uwanja wa mpira, na kila ukoo una wake. Zamani mtu akifa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa, likatiwa katika chungu na kuhifadhiwa humo pamoja na ya wakubwa wake. Mvua ikikawia au maradhi yakizidi, wazee waliingia na kondoo au mbuzi na pombe ya miwa, yaani dengelua, wakatasa: walimimina, wakatema mate ya baraka na kuwaita marehemu kwa majina.

Mpungi usichanganywe na mshitu. Mshitu ulikuwa msitu wa jando, ambamo vijana walifungiwa wakafundishwa utu uzima. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969, ameonyesha kwamba huko Ugweno, baada ya Wasuya kuwapindua Washana, ambao walikuwa wafua chuma, jando la mshituni likawa chombo cha utawala. Kijana alitoka humo akiwa raia wa nchi nzima, si mtoto wa ukoo wake tu.

Sisi watoto hatukuambiwa hayo yote. Tuliambiwa tusiokote hata kijiti. Bibi alikuwa radhi tutembee mwendo mrefu kutafuta kuni kuliko kugusa tawi lililoanguka la mkuyu ule, na tulipopita hapo tulishusha sauti bila kukumbushwa. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia humo, nasi tukasimama kando tukimtazama anakula majani mazuri hadi mzee mmoja akaitwa kumtoa. Nyumbani tulikuwa watu wa dini, lakini sikumbuki mtu aliyeona hapo pana mgongano.

Hata hivyo mgongano ulikuwapo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900, na Uislamu nao ulienea sana Usangi. Dini zote mbili ziliyakataa matambiko. Pigo kubwa zaidi lakini, kwa maoni yangu, lilikuwa la sheria. Machifu waliondolewa mwaka 1963, na mamlaka ya vijijini yakawa ya serikali ya kijiji. Ukoo ukasema mpungi ni wetu, kijiji kikasema ardhi ni ya umma. Penye ubishi wa namna hiyo, mwenye msumeno hutangulia. Sehemu nyingine miti ilipasuliwa mbao, kwingine jirani alisogeza mpaka hatua moja kila msimu.

Wapo wanaosema wazee wetu walikuwa mabwana misitu wa kwanza. Mimi siafiki sana. Wazee walilinda mafuvu, miti ikanufaika kwa ujirani. Msitu wa Kindoroko, wenye kilele cha mita 2,113, ulitengwa na serikali. Vipande hivi vidogo vililindwa na hofu na heshima tu, na hofu ikishapungua hakuna mlinzi mwingine.

Thamani ya fuvu tumeikumbushwa na majirani zetu Wachaga. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu yaliyochukuliwa enzi ya Wajerumani na familia zilizo hai nchini Tanzania. Familia hizo zilikuwa zikiwatafuta wazee wao kwa zaidi ya miaka mia moja. Sasa, wakati wengine wanadai vyao kutoka Ulaya, sisi tuviuze vyetu pamoja na kiwanja? Wakazi wa Dar es Salaam wanayajua mahekalu ya Kihindu ya Kisutu, ambako mtu huvua viatu mlangoni. Sijasikia kijana wa Kihindu akiomba kukatiwa chumba humo ndani.

Njia ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na pia inakiruhusu kikundi cha wanakijiji kukabidhiwa msitu na kuusimamia. Mipaka hupimwa na mkutano mkuu wa kijiji huridhia.

Kwa hiyo wewe mwenye ramani mkononi, kabla hujamwita fundi, pitia ofisi ya kijiji uulize kama kipande kile kimeandikwa, kisha nenda kwa mzee wa ukoo umuulize vyungu viko upande gani.