Daktari wa Moyo Anahitaji Siku Moja kati ya Tano

Simu ya saa nane usiku kwa daktari wa moyo haina salamu ndefu. Mgonjwa amefika mapokezi ameshika kifua, kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mshipa umeziba, na miongozo ya kimataifa inataka mshipa huo uzibuliwe ndani ya dakika 90. Daktari anavaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kumkinga na mionzi, anapitisha mrija mwembamba kupitia tundu dogo kwenye mkono au paja hadi kwenye moyo, na macho hayabanduki kwenye skrini. Aproni hiyo akiivaa miaka kumi, mgongo nao unaanza kudai haki yake.

Mambo yakienda sawa, mgonjwa anarudishwa wodini kabla ya adhana ya alfajiri. Daktari naye angestahili kwenda kulala. Lakini kama kazi yake ni kwenye hospitali ya kufundishia, asubuhi ile ile ana kikao cha ripoti ya usiku, kisha raundi ya wodi akiwa na msafara wa wanafunzi nyuma yake, kisha kliniki ambayo watu wamepanga foleni tangu alfajiri. Jioni kuna tasnifu ya mwanafunzi anayesomea ubingwa inayosubiri kusahihishwa. Kazi tatu, mshahara mmoja. Ikifika zamu ya kupandishwa cheo, chuo kinauliza amechapisha makala ngapi za utafiti. Hakuna anayeuliza amekesha mara ngapi.

Uchovu huu uliokithiri ulianza kuandikwa kitaalamu mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeuona kwa wahudumu wa kliniki ya kujitolea jijini New York, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha dodoso la kuupima, ambalo bado linatumika. Linatafuta mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyoni, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote kazini. Hilo la pili ndilo la kutisha. Daktari aliyekuwa akimjua mgonjwa kwa jina, na kwa jina la mtoto wake wa kwanza, siku moja unamsikia akisema, “Ile valvu ya kitanda cha 12 imeshakwenda kupigwa picha?” Hajawa mtu mbaya. Amekwisha.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa ufafanuzi wake mwaka 2019, lilisema hali hii si ugonjwa bali ni jambo litokanalo na kazi. Watu wengi walilipita tamko hilo haraka, na nadhani walikosea. Kama chanzo ni kazi, basi wa kwanza kuhojiwa ni aliyeipanga.

Wamarekani wamelipima suala hili zaidi ya wengine. Katika uchunguzi wa Chuo cha Madaktari wa Moyo cha Marekani wa mwaka 2015, zaidi ya robo ya madaktari wa moyo waliojibu walisema wamefikia hali hiyo. Waliokuwa katikati ya safari ya kazi waliathirika zaidi, na wanawake waliitaja kuliko wanaume. Hao wa katikati nawaelewa: hawalindwi tena kama wanafunzi, na bado hawajapata ukubwa wa kumwachia mwingine zamu. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2016 na uliohusisha madaktari wa fani nne ikiwemo ya moyo, uligundua kwamba kwa kila saa moja daktari anayokaa na mgonjwa, karibu saa mbili huishia kwenye kompyuta na makaratasi.

Kuhusu saa za kazi, somo kubwa lilitokana na msiba. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akihudumiwa na madaktari wanafunzi waliokuwa na zamu ndefu mno. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jimbo hilo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea kwa madaktari walio mafunzoni Marekani nzima. Lakini kiliwahusu walio mafunzoni tu. Kazi haikupungua kwa kuwa mwanafunzi amekwenda kulala. Kuna mtu aliyeibeba, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wake.

Kwetu Afrika Mashariki mzigo una sura nyingine. Hospitali zinazotibu moyo kwa ubingwa wa juu na kufundisha hapo hapo ni chache. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, na Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, zinapokea rufaa za nchi nzima. Wagonjwa wengi huja wamechelewa, na baadhi ni wasichana wa shule na mama wadogo ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, iliyoanzia kwenye maumivu ya koo utotoni ambayo penisilini ingeyamaliza. Daktari anajua dawa yake ni upasuaji. Anajua pia familia imeshauza shamba. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini mpaka kila kaya iwe na kadi mkononi, mtu wa kuwaambia ndugu gharama ni yule yule aliyewapa matumaini jana. Uchovu wa namna hii hauondoki kwa usingizi.

Halafu kuna simu. Huku namba ya daktari ni mali ya ukoo. “Shikamoo daktari, samahani kwa usumbufu, mimi ni mjukuu wa yule bibi…” Saa tatu usiku, Jumapili, msibani. Kuizima ni kuonekana una majivuno. Kuipokea ni kuendelea na zamu isiyo kwenye ratiba wala kwenye posho.

Lakini utafiti ninaotaka wakurugenzi wa hospitali wausome ni wa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani kwa madaktari walimu wa idara ya tiba. Kila mmoja aliulizwa ni kazi gani anayoiona ya maana kuliko zote: kutibu, kufundisha, utafiti au uongozi. Kati ya waliopata angalau asilimia 20 ya muda wao kwa kazi hiyo, asilimia 29.9 walikuwa wamechoka kupindukia. Kati ya waliokosa, ni asilimia 53.8. Asilimia 20 ni siku moja kati ya tano za kazi. Siku nne mpe foleni, zamu na fomu, ila ya tano iwe yake.

Badala yake tunawapa semina. Ukumbi wa hoteli, mtoa mada, chai na sambusa, mada ya namna ya kukabili msongo wa mawazo, na yote hayo Jumamosi, siku waliyokuwa wapumzike. Sina ugomvi na sambusa. Ila semina haipunguzi wagonjwa kliniki, haiajiri karani wa kujaza fomu, haimpi mtu ruhusa ya kulala baada ya kukesha.

Bodi za hospitali zetu za kufundishia zina uwezo wa kuanza na hayo matatu, pamoja na kuhesabu zamu na ufundishaji wakati wa kupandisha vyeo. Fedha zitahitajika, lakini kumpata bingwa mwingine ni ghali zaidi. Kwa Tanzania, miaka mitano ya shahada, mmoja wa utarajali, mitatu ya ubingwa na si chini ya miwili ya kubobea kwenye moyo inafanya 11 au zaidi. Akiandika barua ya kuacha kazi leo, anayeanza chuo mwaka huu hatakuwa tayari kuziba nafasi yake kwa zaidi ya muongo mmoja.