Umekulia Uru na Unataka Kusimama Juu ya Ubao wa Kafi? Jua Haya Kabla Hujalipia

Picha zake zimejaa kwenye simu siku hizi. Mtu kasimama wima juu ya ubao mpana, kafi mkononi, maji yametulia tuli. Kijana wa Uru akiziona anajiambia hiyo si kazi, ni kusimama tu.

Shida inaanza pale anapofika pwani kwa mapumziko, analipia saa moja, anapanda. Dakika kumi baadaye upepo umeshampeleka mbali na ufukwe, na kuogelea hajui.

Kwenye mabango ya hoteli mchezo huu huandikwa kwa herufi tatu, SUP. Ulivyo leo ulitokea Hawaii, ila kusimama chomboni si jambo geni kwetu. Wavuvi wa pwani wamekuwa wakisimama kwenye mitumbwi na kuisukuma kwa pondo tangu zamani. Tofauti ni kwamba mvuvi anayajua maji yake. Wewe uliyekulia kwenye migomba na kahawa huyajui, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwanza kuogelea, ubao baadaye

Hapa hamna njia ya mkato. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Mtoto wa mlimani mara nyingi anakua akiambiwa asisogelee korongo, basi, hakuna anayemfundisha kuogelea.

Tafuta bwawa la hoteli pale Moshi mjini na mtu wa kukufundisha. Huhitaji kuwa bingwa. Lenga mambo matatu: kuelea chali bila kupaparika, kwenda mita 50 bila kusimama, na kuzama kichwa chote kisha kutoka ukiwa umetulia. Hilo la tatu ndilo muhimu zaidi, kwa sababu kwenye ubao utaanguka. Kila mtu huanguka.

Maji gani sasa?

Uru ina maji mengi, ila si ya mchezo huu. Kidimbwi cha chini ya maporomoko ya Materuni ni kidogo, kina mawe na baridi yake unaijua. Mito kama Rau ni ya kuangalia tu. Mvua inaweza kunyesha huko juu msituni wakati kwako kuna jua, na maji yakashuka kwa ghafla.

Ukishuka tambarare, Chemka kule Rundugai ni pazuri kwa kuogelea ukiwa na mwenzako anayepajua, lakini ni padogo kwa ubao. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni kubwa kweli, ila lina viboko na mamba, kwa hiyo lisahau. Ziwa Chala, Rombo, linavutia sana kwa macho, lakini mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba humo, upande wa Kenya. Isitoshe ni ziwa la kreta: kingo zake zinashuka kwa ghafla, si kama ufukwe ambao unaweza kusimama.

Kuna na kichocho. Maji yaliyosimama ya mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga huko chini yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vijidudu vyake. Ukiwahi kuingia humo kisha ukaona damu kwenye mkojo, nenda hospitali upimwe, dawa ipo.

Kwa aliye Moshi, hatua nzuri ya katikati ni Ziwa Duluti pale Tengeru, karibu na Arusha, ambako watu hupelekwa kupiga kafi kwenye mitumbwi midogo. Duluti nalo ni la kreta na lina kina, kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha halivuliwi. Ukikaa kwenye mtumbwi na kuizoea kafi, nusu ya kazi umeshaimaliza. Ubao wenyewe utaupata kirahisi pwani: Paje kule Unguja, Diani, au Mida karibu na Watamu ambako hori lake limetulia.

Upepo ndio wa kuogopa, si papa

Wanaoanza wengi huuliza kuhusu papa. Waliozaliwa pwani huangalia upepo kwanza.

Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni mdanganyifu. Ukiwa ufukweni maji yanaonekana laini, hamna wimbi, unaona mambo ni poa. Ukisogea kidogo tu unasukumwa nje, na mwili wako uliosimama unafanya kazi ya tanga. Wakati wa kusi, yaani katikati ya mwaka, fukwe za magharibi ya Unguja hupata upepo wa namna hiyo. Paje, iliyo mashariki, kusi huvuma kutoka baharini. Hautakupeleka mbali, lakini mawimbi madogo hayatakuacha usimame.

Kwa hiyo nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Ukiweza kuchagua msimu, chagua maleleji, kile kipindi cha katikati ya kusi na kaskazi ambapo upepo hupoa.

Maji nayo hayakai. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Paje hurudi nyuma mamia ya mita, na pale ulipotaka kupiga kafi unakuta akina mama wanashughulikia mwani wao. Pezi la chini ya ubao linataka maji ya kiunoni. Yakiwa machache linagonga mwamba, na wewe unarushwa mbele juu ya matumbawe na wale wanyama weusi wa miiba mirefu. Uliza saa ya maji kujaa kabla ya kulipa.

Siku ya kwanza majini

Omba ubao mpana, wa sentimita 80 au zaidi, wenye urefu wa futi 10 au 11. Ule mwembamba ni wa mashindano, achana nao. Kama ni wa kujaza upepo, ubonyeze kwa dole gumba. Ukibonyea kirahisi haujajaa, na katikati utapinda.

Kafi ipimwe: ukiinua mkono juu, kishikio kifike kwenye kiwiko cha kiganja. Bapa lake limepinda kidogo, na kosa la karibu kila mgeni ni kulishika kinyume. Mpindo uelekee mbele, kwenye ncha ya ubao.

Kamba ya mguuni funga, hata kama mwenye ubao anasema haina haja. Ukianguka, ubao ndio boya lako, na bila kamba upepo unaondoka nao kwa kasi kuliko utakavyoogelea.

Anza kwa magoti. Piga kafi hivyo hadi usikie ubao umetulia, ndipo uinue mguu mmoja, kisha wa pili. Simama katikati pale penye mpini wa kubebea, miguu sambamba, magoti yamelegea, macho mbele. Ukitazama miguu yako unaanguka. Hili mtu wa Uru analijua tayari: mama anayeshuka njia ya utelezi masika akiwa na mkungu wa ndizi kichwani hakazi magoti wala haangalii vidole vyake.

Chovya kafi mbele, ivute hadi usawa wa miguu, itoe. Mara tatu kushoto, mara tatu kulia. Ukiona unayumba, chovya kafi badala ya kuiinua juu, maana ikiwa majini inakushikilia kama mguu wa tatu.

Ukianguka, anguka majini, usiangukie ubao, wala usitangulize kichwa. Kurudi ni kushika mpini wa katikati, kupiga miguu kama unaogelea, na kujivuta kwa tumbo.

Na upepo ukikuzidi, lala kifudifudi, weka kafi chini ya kifua, tumia mikono kurudi. Ikishindikana, kaa juu ya ubao na upunge mkono uonekane. Usiuache ubao ukaanza kuogelea kuelekea ufukweni, hata kama ufukwe unaonekana karibu.

Saa moja inatosha kwa mara ya kwanza, na geuza wakati bado una nguvu. Kesho yake usishangae nyayo na tumbo vikiuma kuliko mikono.