Neno la Hekima: amri au shauri? (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliona jinsi maono ya Ellen White ya mwaka 1863 yalivyowafundisha Waadventista habari za chakula na afya. Leo turudi nyuma miaka 30. Tarehe 27 Februari 1833, mjini Kirtland, Ohio, Joseph Smith, nabii wa Wamormoni, alitoa ufunuo uitwao Neno la Hekima, unaokataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto. Mwaka 1842 Hyrum, kaka yake mkubwa, alieleza kuwa vinywaji hivyo ni chai na kahawa.

Kwa msomaji wa Kalengera, kando ya barabara ya Goma–Rutshuru, jambo hili linagusa shamba. Je, Mmormoni alime kahawa asiyoruhusiwa kuinywa? Andiko linazungumzia kinachoingia mwilini. Hata tumbaku, baada ya kumkataza mtu kuitumia, linaitaja kuwa dawa ya michubuko na ya ng'ombe wagonjwa. Anayelima na kuuza halaumiwi popote.

Ugomvi umetokana na mstari wa pili, unaosema ufunuo huu haukutolewa kama amri. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Utah, liliufanya sharti la kuingia hekaluni mwaka 1921, chini ya Heber J. Grant. Muumini anayetaka kuingia hekalu la Kinshasa, lililowekwa wakfu Aprili 2019, lazima athibitishe kwamba analitii Neno la Hekima. Jumuiya ya Kristo, iliyojipanga mwaka 1860 chini ya mwana wa Smith, imelibakiza kuwa shauri jema. Kikombe cha kahawa hakimtengi mtu na ushirika.

Hata ndani ya kanisa la Utah mipaka imehitaji kufafanuliwa. Mwaka 2012 lilisema kafeini ya soda haijakatazwa. Mwaka 2019 likakumbusha kuwa chai ya kijani bado ni chai. Lakini andiko hilohilo linataka nyama iliwe kwa uchache, hasa wakati wa baridi au njaa, na hilo limeachiwa dhamiri ya kila mtu. Pia linasifu shayiri kwa vinywaji vyepesi, na waumini wengi wa karne ya 19 walielewa hapo bia hafifu. Kwa maoni yangu, anayeshika kahawa kwa ukali na kuisahau nyama anasoma nusu ya ukurasa.

Basi jirani yako akikataa kahawa au pombe ya kasiksi, usidhani amekudharau. Mpe maji au juisi ya marakuja, kisha umuulize anafuata kanisa lipi kati ya hayo mawili.