Humpty Dumpty, mashini iliyoanzisha mchezo wa flipa

Kwa Kifaransa mchezo huu unaitwa flipper, na kwetu wengi wanasema flipa. Jina hilo linatokana na vijiti vinavyopiga bile, na vijiti hivyo vilianza kwenye mashini moja tu: Humpty Dumpty, iliyotoka mwezi wa kumi 1947 katika kiwanda cha Gottlieb, mjini Chicago, Marekani.

Mbele ya hapo, mchezaji alikuwa anatia feza, anavuta resori, bile ya chuma inapanda, kisha inateremka kati ya misumari. Yeye anabaki kutazama, ao kutikisa meza. Ni kamari, ndivyo walivyosema viongozi wa New York walipoikataza mwaka 1942, na mashini zikapondwa kwa nyundo.

Fundi Harry Mabs ndiye aliweka vijiti sita vya umeme, vitatu kila upande. Ukibonyeza buto, vinarudisha bile juu. Ajabu, vilielekea nje, tena vilikuwa zaifu: bile ilipaswa kupokezanwa kutoka kijiti hadi kijiti. Hata hivyo, mashini 6,500 hivi zilitengenezwa. Mwaka 1948, Steve Kordek wa kiwanda cha Genco akaweka viwili tu, chini kabisa, vyenye nguvu zaidi.

New York haikuachilia mpaka 1976. Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akatangaza kwanza bile itapita njia gani. Ikapita hapohapo. Katazo likaondolewa.