Hiba ya Sultani kwa Wakristo wa Tangier

Mji wa Tangier ulioko kaskazini ya Moroko, ambao Waarabu huuita Tanja, si mgeni kwetu watu wa pwani. Ndiko alikozaliwa Ibn Battuta mwaka 1304, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaisifu misikiti ya Mombasa iliyojengwa kwa mbao. Basi katika mji huo wa Kiislamu mna kanisa dogo la Kianglikana, la Mtakatifu Andrea, ambalo kisa chake chafaa kuzungumzwa barazani.

Mwaka 1880 Sultani Hassan wa Kwanza aliwapa Waingereza waliokaa Tangier kiwanja cha kujengea nyumba ya ibada. Jengo lao la kwanza halikuwatosha, wakajenga hili lililopo sasa. Lilimalizika mwaka 1894, mwaka ule ule aliofariki Sultani mwenyewe.

Ndugu msomaji, ukiliona kwa mbali utadhani ni msikiti. Mnara wake ni wa pembe nne, kama ilivyo minara ya Maghribi. Ndani, tao lililo mbele ya madhabahu lina nakshi za mafundi wa Kimoroko, na limezungushiwa Sala ya Bwana iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mgeni aliyepewa ardhi alivaa vazi la mwenyeji wake. Mchoraji Matisse wa Ufaransa aliuona mnara huo kutoka dirisha la hoteli yake akautia katika picha yake mashuhuri.

Uani mna makaburi. Hapo amelala Walter Harris, aliyefariki mwaka 1933, mwandishi wa gazeti la The Times aliyekaa Moroko miaka mingi na kukijua Kiarabu. Karibu na hapo ni soko kuu la zamani, na mbele yake msikiti wa Sidi Bou Abib uliojengwa mwaka 1917.

Huenda mtu akauliza: Sultani wa Kiislamu ana haja gani na kanisa? Jawabu limo katika historia yetu. Yasimuliwa kwamba Khalifa Umar alipoingia Baitul Maqdis alikataa kusali ndani ya kanisa, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalichukua kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Alilinda haki ya wenyewe.

Hiba ya Tangier nayo ilitiwa katika mtihani. Mwaka 1912 Wazungu waliitawala Moroko, na chuki ikazaliwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1956, ingekuwa rahisi kuwaambia Waingereza warudishe kiwanja. Hawakuambiwa. Hata leo siku ya Jumapili ibada husaliwa mle kwa Kiingereza, na adhana husikika kutoka upande wa soko. Kilichotolewa kwa jirani kimebaki kuwa cha jirani.