Vinara wa simu za visiwani, na pengo la Oman na Zanzibar

Ukiishi Ibra, Sur au Nizwa na ndugu zako wako Unguja, Pemba au Mombasa, bei ya simu ni habari ya nyumbani. Hawa hapa ndio vinara wa kupatana juu ya simu.

Wa kwanza duniani wako Karibi. Tarehe 4 Mei 2000, mjini St. George's, Grenada, nchi tano (Dominica, Grenada, Saint Kitts na Nevis, Saint Lucia, na Saint Vincent na Grenadines) zilisaini mkataba wa kuunda ECTEL, mamlaka ya kwanza ya kanda kusimamia simu kwa pamoja. Kampuni ya Cable & Wireless ilikuwa imelishika soko lao peke yake. Kisiwa chenye watu laki moja kingekwenda kubishana nayo chenyewe, kingerudi mikono mitupu. Walipokwenda pamoja, soko likafunguka. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuna aliyenyang'anywa kauli: leseni hutolewa na kila nchi kupitia tume yake, ECTEL inachambua maombi, inapanga masafa na kushauri.

Afrika Mashariki waliotangulia walikuwa wafanyabiashara. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilifuta gharama za romingi, yaani za kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilifuata mwishoni mwa 2014. Nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, zilishusha bei za romingi baina yao Aprili 2016.

Subira ya Shelisheli ilikuwa ndefu: hadi 2012 walitegemea setilaiti, ndipo ukaja waya wa SEAS, kilomita zipatazo 1,900 chini ya bahari hadi Dar es Salaam.

Waya uliokufa upesi ni ule wa telegrafu wa 1860, uliopita visiwa vya Hallaniyat na Maskati kwenda Karachi. Zanzibar iliunganishwa na Aden 1879.

Pengo linaloniuma liko kati ya Oman na Zanzibar. Nyaya si tatizo. Waya wa TEAMS wa 2009 unatoka Mombasa hadi Fujairah, ukipita mbele ya pwani ya Oman. Tatizo ni kanuni. Nafuu ya romingi ya Ghuba haifiki Unguja, na Oman imezifunga simu za WhatsApp kwa miaka mingi. Basi bibi wa Ibra huisogeza simu mdomoni, akabonyeza, akasema salamu, habari za mgonjwa na za harusi, akaachia. Mjukuu wake Unguja huisikiliza voisi hiyo jioni akitoka kazini, naye akajibu. Maongezi ya dakika tano yanakula siku nzima.

Mawasiliano ya simu ya Tanzania Bara na Zanzibar yanasimamiwa na mamlaka moja, TCRA, na ya Oman yanasimamiwa na mamlaka yake, TRA. Ni taasisi mbili tu, wala si tano. Nazisihi zikae meza moja, zianze na bei ya dakika moja ya simu kati ya Oman na Tanzania.